Kabla Kijiko Hakijafika

Simu ya Ngusa iliingia Jumanne jioni, Paskalina akiwa uani kwake Kishapu anapepeta dengu. Mume wake, Ndaki, aliipokea akiwa amesimama. Alisikiliza, akasema "eeh" mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, kisha akaketi juu ya kinu kilicholazwa na kuitazama simu kana kwamba bado ilikuwa na la kusema.

"Wanafukia," alisema mwishowe. "Amri imetoka. Maduara yote yasiyo na leseni pale porini yanafukiwa. Kijiko kinaingia Ijumaa asubuhi."

Paskalina alikijua kijiko, lile gari la minyororo lenye mkono wa chuma unaochota udongo. Kilipita Mhunze mwaka uliopita kuchimba lambo la mifugo. Hakuuliza ni duara lipi. Kwa siku kumi na moja kulikuwa na duara moja tu duniani, shimo la dhahabu lenye kina cha mita arobaini, porini upande huu wa Katoro, ambalo magogo ya kushikilia kuta zake yalivunjika alfajiri moja na udongo ukawafunika vijana watatu. Mmoja wao alikuwa Wiliam, mtoto wao wa kwanza, mwenye miaka ishirini na miwili. Ngusa, aliyekuwa akichimba naye, alinusurika kwa sababu siku hiyo zamu yake ilikuwa juu, kuvuta kamba.

"Nataka tufike kabla hawajafukia," Paskalina alisema.

"Tukafanye nini?"

"Nione alipo."

Ndaki hakubisha. Tatizo lilikuwa nauli. Mara tatu walikuwa wamemtumia pesa mwenye duara, mtu waliyemjua kwa sauti tu, ili anunue dizeli ya pampu, maji yatolewe, watu washuke kuwatafuta watoto. Mara ya kwanza ilitoka akiba. Mara ya pili wakauza mbuzi. Mara ya tatu akaenda mtamba, ng'ombe wao wa mwisho, mnadani, kwa bei ambayo mnunuzi mwenyewe aliitaja akitazama pembeni. Kwa majirani walikuwa wamekwisha kukopa hadi watoto wa nyumba ya pili, wakimwona Ndaki anakuja, walikuwa wakiingia ndani kimya kimya.

Kilichobaki ni baiskeli, Phoenix nyeusi ambayo Ndaki alibebea magunia ya pamba na mkaa kwa miaka kumi na sita. Jumatano asubuhi dereva mmoja wanayesali naye, aliyekuwa anakwenda Kahama kupakia mchele, aliwachukua bure, baiskeli ikafungwa juu kwa kamba. Watoto wawili wadogo walibaki kwa Juliana, dada yake Ndaki. Lori liliishia Kahama jioni. Kutoka hapo hadi duarani ilikuwa zaidi ya kilomita mia moja na thelathini, na walikuwa na siku moja.

*

Walikuta msafara alfajiri ya Alhamisi, kwenye kituo cha mafuta cha kutokea mjini. Watu kama arobaini, wake kwa waume, wamevaa kaptula za kubana na kofia ngumu, kila mmoja na namba kifuani, baiskeli zao nyembamba zimeegemea ukuta. Bango lilisema wanavuka nchi kwa baiskeli kuhamasisha watu wafanye mazoezi. Kituo chao cha siku hiyo kilikuwa Katoro.

"Tuwafuate hawa," Ndaki alisema. "Mbele wana gari la polisi. Kwenye ule msitu wa majambazi huko njiani hakuna atakayetugusa."

Dada mmoja mwenye redio ya mkononi, aliyeitwa Loveness na aliyeonekana kuwa ndiye msimamizi, aliwaona wamesimama nyuma ya kundi. Alikuja kwa haraka, lakini kwa adabu.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Nyie mko kundi gani?"

"Marahaba. Hatuko kundi," Ndaki alijibu. "Tunakwenda njia hiyo hiyo."

Loveness alitazama keria iliyofungwa gunia lililokunjwa, akamtazama Paskalina aliyevaa kitenge na kandambili. "Na hiyo moja? Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Sawa. Ila naomba sana msiingie katikati ya wenye namba. Mtu akianguka ni mimi nitakayeulizwa. Na sasa hivi sogeeni kidogo pale pembeni, tunapiga picha ya kuondoka."

Walisogea pembeni, nyuma ya pampu. Picha ilipigwa. Filimbi ikalia, na baiskeli arobaini zikatoka kwa mlio mdogo kama wa nyuki. Ndaki alirusha mguu, Paskalina akakimbia hatua tatu na kukaa upande juu ya gunia, kama alivyokuwa akikaa tangu alipoolewa. Walipofika mwisho wa nyumba za mji, msafara ulikuwa umeshakuwa vitone mbele yao.

Aliyebaki nyuma alikuwa mtu mmoja, Marselino, fundi wa msafara, mnene kidogo, mwenye begi la spana mgongoni. Kazi yake ilikuwa kuwa wa mwisho siku zote, ili asiachwe mtu. Aliendesha sambamba nao kwa muda.

"Mzee, mnakwenda wapi hasa?" aliuliza hatimaye.

"Katoro. Kabla ya Katoro."

"Kuna msiba?"

Ndaki alivuta pumzi, akapiga pedeli. Paskalina akajibu kwa niaba yake. "Upo."

"Poleni," Marselino alisema, akavua kofia yake ngumu kwa mkono mmoja huku anaendesha, akakaa nayo hivyo mwendo mrefu kabla ya kuivaa tena.

*

Kwa saa tatu Paskalina hakuona kitu zaidi ya mgongo wa mume wake. Shati la kijivu lililowa kwanza katikati, kisha kwenye mabega, kisha jasho likashuka hadi kiunoni likaacha mistari ya chumvi. Kwenye vilima alishuka na kusukuma. Kwenye miteremko alimshika kiunoni na kufumba macho, kwa sababu breki ya nyuma ilikuwa imekwisha na Ndaki alipunguza mwendo kwa kuburuza soli ya kiatu juu ya lami. Malori ya kwenda Burundi yaliwapita kwa kishindo na kuwayumbisha. Kila lilipopita moja, Ndaki alisema neno lile lile, "Kaza," naye akakaza.

Kabla ya Masumbwe gurudumu la nyuma lilianza kulia. Ndaki alisimama, akaligeuza: spoku nne zilikuwa zimekatika upande mmoja na rimu ilikuwa inagusa fremu.

Marselino alikuwa na spoku. Hazikuwa za saizi ile, lakini aliketi chini kwenye kivuli cha mchongoma, akazikunja ncha kwa koleo, akaanza kuzifunga. Gari la msafara, basi dogo la kubeba waliochoka, lilirudi kumtafuta. Ndani mlikuwa na dereva, Loveness na makreti ya maji. Viti vingine vyote vilikuwa tupu. Loveness alishuka.

"Marselino, watu wanakungoja Masumbwe. Mmoja cheni imemkatikia."

"Namaliza hapa."

"Hizo ni spoku za msafara."

"Ni nne tu, dada. Nikatwe mimi."

Ndaki, aliyekuwa amechuchumaa kando ya gurudumu, aliinuka, akajipangusa mikono kwenye suruali. Paskalina alimjua. Alijua kwamba maneno aliyokuwa anayatafuta yalimgharimu kuliko vilima vyote vya tangu asubuhi.

"Binti yangu," alisema, "gari lenu halina mtu. Mtubebe tu mpaka mnapolala leo. Nitafagia gari. Nitapakia mizigo yenu."

"Mzee, ningekubali. Kweli kabisa. Ila bima ya gari ni ya wenye namba tu. Likitokea lolote, wafadhili wanatuacha." Aliingiza mkono dirishani, akatoa chupa mbili za maji na pakiti ya glukosi, akampa Paskalina. "Chukueni hivi, mama."

Paskalina alipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Gari likageuka na kuondoka. Ndaki alirudi kuchuchumaa mahali pale pale, akashika rimu ili Marselino akaze, na kwa muda mrefu hakuinua uso.

*

Baada ya Masumbwe miguu ya Ndaki ilikataa. Haikuwa jambo la ghafla. Baiskeli ilianza kuyumba kwenye tambarare, mahali ambapo hapakuwa na sababu ya kuyumba. Paskalina aliruka chini.

"Nipe."

"Utaweza wapi."

"Nimebeba maji kwa baiskeli hii miaka yote. Wewe una uzito gani siku hizi? Kaa nyuma."

Alijifunga kitenge vizuri, akapitisha mguu juu ya fremu, akasukuma. Mwanzoni ilikuwa kama kuvuta jembe la ng'ombe. Kisha mwendo ukapatikana. Ndaki alikaa nyuma, magoti yamekunjwa, mikono haijui pa kushika. Wanawake waliokuwa wanauza viazi kando ya barabara waliacha kupanga mafungu yao.

"Jamani, tazameni baba anavyobebwa," mmoja alisema, na wengine wakacheka. Haikuwa kwa ubaya. Lakini kicheko kiliwafuata mpaka kona.

Mbele kidogo walikutana na waendesha baiskeli watatu wa msafara waliokuwa wamepumzika. Mmoja aliinua simu. "Mama mkakamavu huyo," alisema akiwarekodi, na wenzake wakapiga makofi. Paskalina aliwapita akitazama tairi la mbele.

Walikwenda kama nusu saa hivi. Kisha akamsikia nyuma yake.

"Mama Wili."

"Nakusikia."

"Ile pesa ya mtamba."

Aliendelea kupiga pedeli.

"Nilijua kwamba hainunui dizeli. Ngusa aliniambia siku ya tatu. Pampu walishaitoa. Ilikuwa inavuta maji kwenye duara jingine, lenye dhahabu. Nikaambiwa hakuna mtu anayeshuka tena."

Barabara ilikuwa inapanda kidogo. Paskalina alisubiri mpaka imalize kupanda.

"Na mtamba tulimuuza siku ya sita," alisema.

"Siku ya sita."

"Kwa nini ulituma?"

"Ulikuwa unaniangalia," Ndaki alisema. "Kila asubuhi ulikuwa unatoka nje na kuniangalia. Ningekuambia nini?"

Paskalina alihisi jasho linaingia machoni, akalifuta kwa bega. Ilikuwa rahisi zaidi kusema akiwa mbele, asipomwona usoni.

"Mimi nilijua siku ya pili. Nilimpigia Ngusa kwa simu ya Juliana. Aliniambia ule udongo ulivyoshuka hakuna mtu anayekaa hai chini yake hata saa moja. Akalia. Nikamwambia asikuambie."

Keria ililia. Ndaki alikuwa amejisogeza.

"Ukaniacha nimuuze mtamba."

"Ulikuwa umeshamfunga kamba. Nilidhani bado unaamini. Nikasema, huyu akiacha kuamini atakufa na yeye."

Baada ya muda Paskalina alihisi paji la uso la Ndaki limeegemea mgongoni mwake, kati ya mabega, zito, na kupitia blauzi alihisi pumzi yake inakuja na kukatika, inakuja na kukatika. Aliendelea kuendesha. Hakukuwa na jambo jingine la kufanya na miguu ila hilo.

*

Walifika Ushirombo saa saba na nusu mchana. Msafara ulikuwa umepumzika chini ya maturubai ya shule moja, umeshakula, unangoja jua lipungue. Mbele palikuwa na barabara ya vumbi ya kwenda Katoro. Mtu mmoja wa pikipiki aliwaambia duara lao liko kama kilomita hamsini mbele, na kwamba vumbi siku hizi linafika kifundoni.

Loveness aliwafuata walipokuwa wanakunywa maji ya bomba. Safari hii alikaa chini pamoja nao, kwenye majani.

"Marselino ameniambia," alisema. "Poleni sana. Sikujua." Kisha akaendelea kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia. "Mama, nina wazo. Ukisimulia kidogo mbele ya kamera, dakika mbili tu, nitamtumia bosi wetu sasa hivi. Yeye ndiye mwenye uamuzi. Akiwaona kwa macho yake ataruhusu gari. Mimi kama mimi siwezi."

"Mwanangu si tangazo," Ndaki alisema.

"Mzee, mimi sikusema…"

"Nitasimulia," Paskalina alisema.

Ndaki alimtazama, akainuka, akaenda kukaa nyuma ya choo cha shule ambako asingesikia.

Kijana wa kamera alimweka Paskalina mbele ya ukuta mweupe. Alimwomba ashike usukani wa baiskeli. Alimwomba asitazame kamera, amtazame dada Loveness. Paskalina alisema jina lake, na jina la Wiliam, na kwamba leo ilikuwa siku ya kumi na tatu. Alisema alikuwa mtoto wa kuamka mapema. Alisema walikuwa wanakwenda kumwona kabla hajafukiwa.

"Samahani mama," kijana alisema. "Pikipiki imepita. Turudie kuanzia pale kwenye siku ya kumi na tatu."

Akarudia. Mara ya pili maneno yalitoka yamenyooka zaidi, na hilo lilimwogopesha. Ilikuwa kama anasimulia kuhusu mtoto wa mtu mwingine. Loveness alikuwa analia. Paskalina alimtazama akilia na kugundua kwamba yeye mwenyewe macho yake yalikuwa makavu kabisa.

Video ilitumwa. Walingoja. Saa nane ikapita. Ndaki alirudi, akakagua gurudumu, akajaza upepo, akageuza baiskeli ielekee njiani. Saa nane na dakika ishirini Loveness alikuja akiwa ameshika simu kwa mikono yote miwili.

"Bosi anasema pole sana," alisema. "Imemgusa. Amesema video ni nzuri mno. Ila la gari amesema hapana. Amesema tukifungua mlango huo hatutaufunga."

"Haya," Paskalina alisema.

"Mama, nisamehe."

"Tumechelewa, mwanangu. Tunakwenda."

Loveness alitaka kumpa noti mkononi. Ndaki alikuwa tayari ameshakalia kiti, mguu mmoja chini. Paskalina aliichukua ile noti, kwa sababu huko walikokwenda hawakujua watakula nini, akaikunja na kuifunga kwenye ncha ya kitenge. Akakaa juu ya gunia, wakaingia kwenye vumbi.

*

Barabara ile hawakuizungumzia baadaye. Walipokezana. Mahali pa mchanga walisukuma wote wawili, mmoja kila upande, wakikohoa. Msafara uliwapita walipofika karibu na mto Nyikonga. Baiskeli arobaini, moja moja, kila moja ikiinua wingu lake, na wengi wakisema "poleni, poleni" kwa pumzi fupi. Marselino alipita wa mwisho. Alitaka kusimama, lakini redio yake iliita jina lake. Alitoa tyubu mpya kwenye begi, akamtupia Ndaki, akaendelea.

Jua lilikuwa limeshuka usawa wa vichaka walipomwona Ngusa kando ya barabara. Walimtambua kwa fulana. Ilikuwa ya Wiliam, ya bluu, yenye kola iliyopasuka. Alikuwa kijana mrefu aliyekonda, mikono imejaa makovu ya mawe. Alipowaona hakuja mbele. Alibaki pale pale, akiwa ameshika kichwa.

"Shikamoo baba. Shikamoo mayu."

"Marahaba. Twende," Ndaki alisema.

"Baba." Ngusa alisugua uso kwa kiganja. "Kimeshakuja. Walisema Ijumaa. Kimekuja leo saa nne asubuhi, na askari. Walitufukuza wote. Nimepiga simu yako mara ngapi sijui, haipatikani."

Simu ilikuwa imezimika tangu Masumbwe. Ndaki aliitoa mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Tupeleke hivyo hivyo," Paskalina alisema.

Njia ya kuingia porini ilikuwa imepanuliwa na minyororo ya kijiko. Walitembea robo saa, Ndaki akiikokota baiskeli. Kisha miti ikaisha, pakawa na uwanja. Paskalina alikuwa amekuja akitarajia mashimo, na kamba, na watu. Alikuta ardhi nyekundu iliyosawazishwa, pana kuliko uwanja wa mpira, ina alama za meno ya chuma kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hapa na pale gogo lilichomoza, au kipande cha turubai, au kandambili. Kijiko kilikuwa kimeshaondoka.

"Maduara yalikuwa mangapi?" Ndaki aliuliza.

"Arobaini na kitu."

Ngusa alikwenda hadi kwenye kisiki kilichobaki pembezoni. Alisimama akiwa amekipa mgongo, akatembea kuelekea katikati huku akihesabu hatua kwa midomo. Alisimama. Alitazama nyuma, akasogea hatua mbili kulia. Akatazama tena kisiki, kisha mti mmoja mbali, kisha miguu yake.

"Hapa," alisema.

Ndaki alimtazama usoni. "Ni hapa?"

"Ni hapa, baba." Lakini alisema akitazama chini.

Ndaki akamgeukia mke wake. Uso wake ulikuwa mwekundu wote kwa vumbi isipokuwa duru mbili za macho, na katika macho hayo Paskalina aliona kwamba mume wake alikuwa amefika mwisho, kwamba hawezi kutafuta tena hata hatua moja.

"Ni hapa," alimwambia.

Walisimama. Paskalina alijaribu kuomba, maneno yakaja nusu nusu. Ndipo alipomwona mwanamke mwingine. Alikuwa ameketi chini kama hatua thelathini kutoka kwao, upande wa pili wa lundo la magogo, miguu imenyooshwa juu ya kitenge, amevaa rozari shingoni. Alikuwa ametulia sana, ndiyo maana hawakumwona.

Paskalina alimwendea. "Hujambo, dada."

"Sijambo." Sauti ilikuwa imekauka. "Naitwa Serafina. Nimetoka Bukombe. Nimefika saa tisa."

"Nani wako?"

"Festo. Wa mwisho kuzaliwa. Alikuwa duara moja na watoto wawili, mmoja anaitwa Wiliam, wa Kishapu, na mwingine simjui kwao." Aliweka kiganja juu ya udongo kando yake. "Mlinzi alinionyesha. Amesema ni hapa hasa. Yeye alikuwepo kijiko kilipopita."

Paskalina alitazama kiganja kile. Alitazama nyuma, kule Ndaki alikokuwa amesimama na Ngusa. Duara lilikuwa moja. Kati ya mahali hapa na pale palikuwa na hatua thelathini za udongo ulio sawa, wa rangi moja.

"Wiliam ni wangu," alisema.

Serafina aliinua uso. Akafuata macho ya mwenzake hadi kwa wale wanaume wawili, akaelewa. Mkono wake uling'ang'ania udongo, kana kwamba mtu amekuja kumhamisha.

"Mimi nimeonyeshwa hapa," alisema tena.

"Kaa, dada. Hakuna anayekuondoa."

Paskalina alirudi kwa mume wake. Ngusa alipomwona anakuja alianza kusema jambo kuhusu kisiki, kwamba huenda walikisogeza, na kwamba yeye alikuwa mbali wakati kijiko kinafanya kazi. Paskalina alimgusa mkono, akanyamaza.

"Yule ni mama wa Festo," alimwambia Ndaki. "Ameambiwa ni kule."

Ndaki alitazama kule, akatazama hapa.

"Sasa ni wapi, Mama Wili?"

Paskalina aliichukua baiskeli kutoka mikononi mwa mume wake, akaiegemeza kwenye gogo. Alimshika bega akamkalisha chini taratibu, kama mtu anayemkalisha mgonjwa.

"Wewe kaa hapa," alisema.

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa kule."

Alivuka zile hatua thelathini, jua la mwisho likimpiga ubavuni. Serafina alisogea kumpa nafasi kwenye kitenge. Kutoka pale alipoketi, Paskalina alimwona Ndaki akivua viatu na kuviweka kando, akipiga magoti, kisha akianza kuondoa mawe kwenye udongo uliokuwa mbele yake, moja moja, akiyarusha mbali. Ngusa alipiga magoti kumsaidia. Paskalina alitazama mawe yaliyokuwa mbele yake mwenyewe, akavua kandambili, akaanza na yeye.